Kusuluhishana Baina ya Wenye Kalamu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa elimu na maandishi. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo, mwezi huu twapenda kusema juu ya jambo ambalo wazee wengi hawana habari nalo, ilhali vijana wao wamo ndani yake usiku na mchana. Nalo ni ugomvi wa watu wanaoandika kitabu kimoja bila ya kuonana nyuso. Kitabu hicho ni Wikipedia, kamusi elezo iliyomo katika intaneti. Ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger, na mwaka 2003 ikafunguliwa ile ya lugha yetu ya Kiswahili. Ya Kiingereza ina makala zaidi ya milioni 6, na ya Kiswahili imepita makala 70,000. Mtoto akipewa kazi na mwalimu wake, humo ndimo anamotazama kwanza. Baba akitaka kujua habari ya maradhi au ya mji, simu yake humpeleka humo humo.

Ajabu ya kitabu hiki ni kwamba hakina mwandishi wa kuajiriwa. Kila mtu aweza kufungua ukurasa, akaongeza neno au akafuta neno, na asilipwe hata senti moja. Hajulikani ni tajiri au maskini, ni mwalimu au mwanafunzi. Kila badiliko huandikwa katika historia ya ukurasa, na mtu mwingine yeyote aweza kulitengua kwa kubonyeza mara moja. Basi hapo ndipo fitina inapopata mlango. Mtu amekesha usiku akiandika, asubuhi akifungua akuta kazi yake imefutwa na mtu asiyemjua, wala hakuambiwa kwa nini. Moyo huwaka moto. Naye hurudisha maneno yake, yule naye huyafuta, na siku hupita hivyo. Wenyewe huita hali hii vita vya kutenguana, na kwa hakika ni vita, ijapokuwa hakuna damu.

Huenda msomaji akasema: hayo yatuhusu nini sisi? Twamjibu kwamba yatuhusu kwa mambo mawili. Kwanza, vijana wetu wamo katika kazi hiyo, na ulimi na kalamu zao zitahesabiwa mbele ya Mola wao kama vile zinavyohesabiwa hapa nyumbani. Pili, watu hao, wengi wao si wa dini yetu, wamelazimika kutafuta namna ya kusuluhishana bila ya polisi, bila ya kadhi na bila ya mzee wa ukoo. Katika yale waliyoyapata kwa taabu ya miaka zaidi ya 20, mengi ni mambo tuliyofundishwa sisi zamani, nasi twayaacha yakipita.

Na tutazame kwanza ni mambo gani watu hugombania. Mtu angedhani ni mambo makubwa tu ya dini na siasa. La, hata kidogo. Katika Wikipedia ya Kiingereza watu walibishana kwa miaka juu ya jina la mtindi, je, katika Kiingereza liandikwe kwa herufi "h" au bila ya "h". Shauri hilo lilirudi tena na tena mpaka likafungwa mwaka 2011. Ugomvi mwingine ulihusu mji mmoja wa Poland ulio ufukoni mwa bahari ya Baltiki. Wapoland huuita Gdańsk, na Wajerumani waliuita Danzig. Kila jina lina watu wake, na kila watu wana makaburi yao na machungu yao. Basi huyu akiandika Gdańsk, yule akilifuta na kuandika Danzig, na ukurasa haukutulia.

Katika hayo yote liko jambo moja la kuangaliwa. Wagomvi karibu wote walikuwa na hoja, na kila mmoja aliweza kuleta kitabu cha kumuunga mkono. Lau ugomvi ungekuwa baina ya mkweli na mwongo, ungekwisha upesi. Lakini mkweli akigombana na mkweli mwenziwe, kila mmoja huona kwamba kurudi nyuma ni kuisaliti haki. Ndiyo maana kuuliza "nani mwenye haki?" hakukuwatoa katika shida yao. Kilichowatoa ni kuuliza swali la kabla yake: "tutapima kwa mizani gani, na nani atakayeshika mizani hiyo?"

Waislamu hatuna udhuru wa kutolijua jambo hili. Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) alipotaka nakala za Qurani ziandikwe na kupelekwa katika miji, aliwakusanya waandishi wanne: Zaid bin Thabit, naye ni Ansari wa Madina, pamoja na Abdullahi bin Zubeir, Said bin al-As na Abdurrahman bin al-Harith, nao ni Makureshi. Kabla hawajaanza kazi aliwaambia kwamba wakihitilafiana na Zaid katika jambo, waliandike kwa lugha ya Makureshi, kwa kuwa Qurani imeteremka kwa lugha yao. Na kweli walihitilafiana. Imamu Tirmidhi amepokea kwamba waligongana katika neno "tabuti", Makureshi wakitaka liishie kwa herufi moja na Zaid akitaka herufi nyingine. Wakampelekea Uthman, naye akaamua kwa kanuni ile ile aliyoiweka mwanzo. Kazi ikaendelea.

Hebu na tufikiri. Watu wale walikuwa wabora wa umma, na kazi yao ilikuwa tukufu kuliko kazi zote za kalamu, hata hivyo walihitilafiana katika herufi moja. Basi kuhitilafiana katika maandishi si aibu wala si dalili ya nia mbaya. Lililowaokoa ni kwamba mizani iliwekwa kabla ya ugomvi kuzuka, na mshika mizani alijulikana na wote. Kama Uthman angengoja mpaka wamekasirikiana ndipo aseme "kanuni ni hii", upande mmoja ungedhani kwamba kanuni imetungwa kwa ajili ya kuwaonea.

Sasa na tueleze jinsi watu wa Wikipedia walivyopanga ngazi yao ya suluhu, kwani ina faida kwa kila wanaofanya kazi kwa kujitolea.

Daraja ya kwanza ni kusimamisha mkono. Tangu mwaka 2004 katika Wikipedia ya Kiingereza iko sheria kwamba mtu asitengue kazi ya wenzake katika ukurasa mmoja zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24. Akizidisha, aweza kuzuiwa asiandike kwa muda, hata kama maneno yake ni ya kweli. Na msemo huu wa mwisho ndio wenye mafunzo. Sheria haimuulizi mtu kama ana haki, humuuliza tu kama amegeuza kazi kuwa mieleka. Mtume wetu (S.A.W.) ametupa bishara, katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, ya nyumba pembezoni mwa Pepo kwa mwenye kuacha mabishano ijapokuwa ni yeye aliye na haki. Wangapi katika sisi tungeweza kufanya hivyo, na mkono uko juu ya simu?

Daraja ya pili ni kuzungumza. Kila makala ina ukurasa wake wa majadiliano, na yampasa aliyetenguliwa aende huko akaeleze hoja yake. Adabu ya ukurasa huo ni mbili. Ya kwanza ni kumdhania mwenzako wema, yaani kuchukulia kwamba naye ataka kitabu kiwe bora, mpaka itakapodhihiri vingine. Ya pili ni kusema juu ya maandishi bila ya kumgusa mwandishi. Mtu aweza kusema "sentensi hii haina ushahidi", wala asiseme "wewe ni mjinga" au "nyinyi watu wa pande zile ndio desturi yenu". Nani asiyeona kwamba hayo yamo katika Suratil Hujurat? Humo tumekatazwa kudharauliana, kuitana kwa majina ya kejeli, na kujiepusha na dhana nyingi tumeamrishwa. Sura hiyo husomwa misikitini mwetu, kisha kijana wetu hutoka msikitini akafungua simu na kumwita mwenziwe mnafiki kwa sababu ya tarehe ya vita fulani.

Daraja ya tatu ni ushahidi. Katika kazi hiyo mtu haaminiwi kwa sababu ya cheo chake. Akidai jambo, aonyeshe kitabu au gazeti la kuaminika lililolisema. Na wenye kushika kitabu mbalimbali hawalazimishwi kuchagua kimoja, huandika kwamba fulani amesema hivi na fulani amesema vile.

Tupige mfano wa huku kwetu. Tuseme vijana wawili wanaandika habari za msikiti wa kale wa Kizimkazi huko Unguja. Wa kwanza aandika kwamba ulijengwa mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, kwa kuwa tarehe hiyo imechongwa kwa hati ya Kikufi katika kuta za mihrabu. Wa pili amtengua, akisema kwamba jengo lililosimama leo sehemu yake kubwa ni ya karne ya 18. Wa kwanza aona kwamba mwenziwe ataka kuunyang'anya Uislamu wa pwani hii umri wake. Wa pili aona kwamba mwenziwe aandika kwa mapenzi pasipo elimu. Wote wawili wamesema kweli, ya kwanza ni tarehe ya maandishi ya mihrabu, na ya pili ni umri wa sehemu kubwa ya kuta. Sentensi mbili, kila moja na ushahidi wake, zawatosha wote, na msomaji apata elimu zaidi kuliko vile ambavyo angepata kwa mmoja wao peke yake. Hata hivyo sentensi hizo mbili haziandikiki maadamu kila mmoja anaangalia jina la mpinzani wake kuliko jiwe la mihrabu.

Daraja ya nne ni mtu wa tatu. Wawili wakishindwana, huomba rai ya mwandishi mwingine asiye na upande. Ikiwa jambo ni kubwa, huita watu wote watoe maoni, na kwa kawaida wito huo huachwa wazi kwa siku 30, kisha mmoja asiyehusika husoma yote na kueleza yaliyoafikiwa. Kazi yake si kuhesabu mikono tu, yampasa apime nguvu ya hoja. Nasi tumefundishwa katika Suratin Nisaa, Aya ya 35, kwamba mume na mke wakihofiwa kuachana, aletwe mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwamuzi kutoka kwa jamaa za mke. Ikiwa watu wa kitanda kimoja wahitaji jicho la nje, seuze wasiojuana hata sura!

Daraja ya mwisho ni Baraza la Waamuzi, lililotangazwa na Jimmy Wales mwezi Desemba 2003 na kuanza kazi 2004. Wajumbe wake huchaguliwa na waandishi wenyewe. Baraza hili lina mpaka wa hekima sana, nao ni kwamba haliamui makala iseme nini. Huamua juu ya mwenendo tu, yaani nani ametukana, nani amedanganya, nani amezuia wenzake wasifanye kazi. Nalo laweza kumkataza mtu asiguse jambo fulani, au asiandike kabisa. Elimu imeachiwa wenye ushahidi, na adabu ikawekewa mahakimu.

Msomaji atataka kujua ule mji wa Baltiki uliishia wapi. Mwaka 2005 waandishi waliitwa kupiga kura, na wakaligawa jina kwa zama. Katika habari za baina ya mwaka 1308 na 1945 mji uitwe Danzig, na kabla ya hapo na baada yake uitwe Gdańsk. Tena jina la pili litajwe mara ya kwanza mji unapotajwa, ili msomaji asipotee. Hakuna aliyepata yote aliyoyataka, na hakuna aliyeondoka mikono mitupu.

Sisi tukisoma habari hiyo twakumbuka Jiwe Jeusi. Makureshi walipoijenga upya Al-Kaaba, kila kabila ilijitolea kwa sehemu yake. Walipofika mahali pa Jiwe wakagombana ni nani atakayeliweka, siku zikapita nne au tano, hata wengine wakatia mikono yao katika bakuli la damu wakiapa kufa. Mzee wao Abu Umayya bin al-Mughira akawashauri kwamba wa kwanza kuingia mlangoni awe mwamuzi wao. Akaingia Muhammad (S.A.W.), naye wakati huo ana umri wa miaka 35, hajapewa Utume bado. Wakafurahi wote, kwa kuwa ni al-Amin. Akatandaza nguo, akaliweka Jiwe juu yake, akawaambia kila kabila ishike upande, wakaliinua pamoja, kisha yeye kwa mkono wake akalitia mahali pake. Na tuangalie kwamba watu wale walikubaliana juu ya mwamuzi kabla ya kumjua ni nani, na kwamba suluhu yenyewe ilimpa kila mmoja pembe ya nguo ya kushika. Mwenye kutaka kupatanisha watu asiulize tu nani ashinde. Aulize pia nguo ni ipi, na pembe zake ni ngapi.

Hatusemi kwamba ngazi hiyo hufaulu siku zote. Mwaka 2018 ulitolewa utafiti wa wataalamu waliochunguza zaidi ya mashauri 7,000 yaliyoitiwa maoni katika Wikipedia ya Kiingereza. Waliona kwamba karibu theluthi moja yaliachwa yakafa bila ya uamuzi. Sababu walizozitaja hazina ugeni kwetu. Mara nyingi swali lenyewe liliulizwa vibaya tangu mwanzo, au watu waliteta kupita kiasi, au hakupatikana mtu wa nje mwenye subira ya kulisoma shauri na kulifunga. Nani hajaona mambo hayo katika kamati ya msikiti au ya madrasa? Mkutano huitwa bila ya kusemwa wazi swali ni lipi, watu husema mpaka Isha, na mwisho hakuna aliyeandika lililoamuliwa.

Tena iko hatari kubwa zaidi, nayo ni mizani kushikwa na upande mmoja. Katika Wikipedia ya lugha ya Kikroatia, kwa miaka karibu 10, kundi dogo la watu wa siasa ya ukabila lilishika vyeo vya usimamizi. Waliopinga walifungiwa mlango, na historia ya Vita Kuu ya Pili ikapotoshwa ili kuwasafisha waliofanya maovu. Shirika la Wikimedia lilitoa taarifa juu ya jambo hilo mwaka 2021. Funzo lake latuhusu sana sisi wa Kiswahili, kwa kuwa waandishi wetu wa kudumu ni wachache. Penye watu wachache, wenye shauku watano waweza kushika nyumba nzima. Dawa yake ni watu wengi zaidi wenye elimu na insafu waingie, wala si kila kundi lijitafutie wakabidhi wake.

Hatuwezi kuliacha jambo hili bila ya kutaja shauri lililowachoma Waislamu wenyewe. Katika makala ya Kiingereza juu ya Mtume wetu (S.A.W.) ziliwekwa picha zilizochukuliwa katika miswada ya kale. Mwaka 2008 makumi ya maelfu ya watu walitia saini ombi la kutaka ziondolewe. Wengine hawakuomba, waliingia na kufuta kwa nguvu, wakitengua na kutenguliwa, na wengine wakatukana. Hao wa mwisho walipata nini? Ukurasa ulifungwa usiguswe na wageni, basi hata Muislamu mwenye elimu aliyetaka kusahihisha kosa la sira akakuta mlango umefungwa na ndugu zake. Shauri lilifika kwa Baraza la Waamuzi mwishoni mwa 2011, na mwaka 2012 waandishi waliitwa kutoa maoni. Picha hazikuondolewa zote, kwa kuwa kanuni ya kitabu hicho ni kutoficha kitu kwa ajili ya imani ya watu. Lakini yamewekwa maelekezo ya namna msomaji awezavyo kuzificha asizione, na mwanzoni mwa makala limewekwa jina tukufu kwa hati ya Kiarabu. Hayo machache yalipatikana kwa walioandika hoja, hayakupatikana kwa waliofuta.

Sisi picha hizo hatuziridhii. Lakini kijana atatuuliza: afanyeje Muislamu hukumu ikiwa kinyume naye, katika nyumba isiyo yake? Twamwambia arudi Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra. Mkataba ulipoandikwa, Suhail bin Amr alikataa lisiandikwe neno "Mtume wa Mwenyezi Mungu", akataka liandikwe "Muhammad bin Abdullahi". Sayyidna Ali (K.W.) hakuweza kulifuta kwa mkono wake, kwa mapenzi na heshima. Mtume (S.A.W.) mwenyewe akalifuta. Sayyidna Umar aliona uchungu, na Masahaba wengi walihuzunika. Je, Utume wake ulipungua kwa kufutwa neno katika karatasi ya watu wasiouamini? Haukupungua hata chembe, na mkataba ule ukawa mlango wa ushindi. Basi kijana wetu ajue kutofautisha baina ya kukiri batili, nako hakufai kamwe, na kukubali kwamba katika karatasi hii ya pamoja neno langu halikuandikwa. Akiona hawezi kubaki, atoke kwa salama na aandike penginepo. Akibaki, abaki kwa adabu. Matusi hayamnusuru Mtume aliyetumwa kutimiza tabia njema.

Enyi vijana wetu, hatuwakatazi kazi hiyo. Lugha yetu yahitaji habari za masheikh wetu, za miji ya pwani na bara, za afya, za kilimo na za elimu ya nyota, zilizoandikwa kwa Kiswahili safi. Kama nyinyi hamziandiki, wataziandika wengine, au hazitaandikwa. Lakini shikeni mambo haya. Mkitenguliwa, msitengue mara ya pili kabla ya kuuliza sababu. Mkiandika jambo, wekeni ushahidi wake mapema, wala msingoje mpaka mtuhumiwe. Mkiwa na hasira, fungeni kompyuta mkatie udhu, kwani ukurasa utakuwapo kesho. Mkimwona mwenzenu amekosea, sahihisheni kosa na mlihifadhi jina lake. Na mkiona wawili wanagombana nanyi hamna upande, msipite kama wapitaji wa sokoni. Amepokea Abu Daud na Tirmidhi kwamba Mtume (S.A.W.) aliitaja daraja ya kupatanisha watu kuwa ni bora kuliko ya saumu, sala na sadaka, na wanavyuoni wamesema makusudio ni zile za sunna. Thawabu hiyo iko wazi kwa mtoto wa miaka 16 mwenye simu.

Na nyinyi wazazi, msiseme kwamba hayo ni mambo ya watoto na mitandao. Mtoto hujifunza kusuluhisha kwa kutazama nyumbani kwake. Akiona baba na ami wameacha kusalimiana mwaka mzima kwa ajili ya shamba, ilhali Mtume (S.A.W.) amekataza ndugu kuhamana zaidi ya siku tatu, atajifunza hivyo. Akiona mama yake ameita mtu mzima mwenye busara, kila mmoja akasema bila ya kukatizwa, na lililoafikiwa likaandikwa, atajifunza hivyo pia. Wekeni mizani nyumbani siku ya amani: nani ataulizwa tukishindwana juu ya mirathi, nani juu ya kodi ya nyumba, nani juu ya posa ya binti. Siku ya ugomvi hakuna atakayekubali mizani mpya.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe insafu juu ya nafsi zetu kabla ya wenzetu, na atupe kalamu zenye ukweli na upole. Amin.

Wabillahi taufiki. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.